Wanataka nimtaje mwanaume niliyelala naye ili mguu wa shemeji upone

Admin, jina langu lifiche. Mtaa ukipenda uache, Mwananyamala tuko wengi.

Nina miaka thelathini na sita, ni fundi cherehani, nina mume na watoto wawili. Mume wangu anachonga vinyago Mwenge, ila kwao kusini ni ukoo wa wawindaji. Kila kiangazi anachukua kibali, anabeba bunduki aliyoachiwa na baba yake, anakwenda porini na mdogo wake. Hilo sina shida nalo. Shida ni mwiko wao. Mwindaji akiwa porini, mkewe aliyebaki nyumbani asisuke nywele, asigombane na mtu, asimpe jirani chumvi, na zaidi ya yote asitoke nje ya ndoa. Mnyama akiponyoka au mtu akiumia, hawaulizi nani alilenga vibaya. Wanauliza mke alikuwa wapi.

Safari iliyopita alirudi mikono mitupu. Mama mkwe akanitazama mbele ya wageni akasema, "Haya mkwe, nani alipita huku nyuma?" Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Mwaka huu nikamwambia mume wangu, "Baba Salma, tunaenda wote. Bunduki sishiki, neno sisemi, natembea ubavuni pako tu. Tuone safari hii nitasingiziwa nini." Akacheka, akakubali. Watoto nikawaacha kwa dada yangu.

Sitawadanganya, pori nililipenda. Tulikuwa na askari wa wanyamapori, baba mmoja mpole aliyenifundisha kukanyaga bila kuvunja vijiti. Akiinua mkono, wote tunaganda. Nilinyamaza, mimi ambaye nyumbani naambiwa nina mdomo! Siku tulipokuta nyati, mume wangu akapiga, risasi ikampata mmoja tumboni, akaingia kwenye kichaka kinene. Askari akasema kwa sauti ya chini, "Tusubiri. Nyati akijeruhiwa anakuvizia." Mume wangu akakataa, eti jua linazama. Shemeji akatangulia kufuata damu, kichwa chini, sisi nyuma yake.

Nyati akatoka pembeni. Mume wangu, mwenye bunduki, akaitupa chini akakimbia. Akanipita mimi mkewe, hata mkono hakunishika. Nyati akamzoa shemeji na kumvunja mguu vibaya sana. Aliyempiga nyati akaanguka ni askari. Shemeji alikuwa kalala kifudifudi, alisikia mlio tu. Nilipogeuka nikamwona mume wangu anaokota bunduki yake, anaifuta vumbi kwa shati. Akamwambia askari, "Braza, ya porini yaishie porini." Mimi hakuniambia kitu. Aliniona ni wake tu, sitasema.

Sasa shemeji amelazwa, mguu umetiwa vyuma na kidonda kinagoma kufunga. Kila mgeni anayekwenda kumjulia hali, shemeji anamwambia kaka yake ndiye aliyemwokoa, na kaka mtu amesimama pale, hakanushi. Na mama mkwe ameitisha kikao cha ukoo nyumbani kwake Kawe, Jumapili hii. Nilipomwambia mbona mimi nilikuwa porini na mume wangu mchana na usiku, akanijibu, "Basi ulifanya kabla hamjaondoka. Simama umtaje huyo mwanaume, uoshwe kwa dawa, mwanangu apone. Na nywele usisuke mpaka uoshwe." Kumbe hata ukiganda ubavuni mwa mume bado ni mzinzi!

Hayo ya mama mkwe ningeyameza. Kilichoniua ni mume wangu. Juzi kakaa na kikombe chake cha chai, akaniambia taratibu, "Mama Salma, kubali tu yaishe. Maneno hayatoi damu."

"Nikubali nini?"

"Taja mtu. Mie nishakusamehe."

Amenisamehe! Nikamuuliza, "Nimtaje nani?" Akafikiri kidogo, akamtaja rafiki yake waliyekuwa wakichonga naye, aliyefariki mwaka jana. "Mtaje huyo. Keshakufa, hatobisha."

Jamani, mjane wa huyo marehemu ndiye ninayeshona naye kibanda kimoja. Cherehani yake na yangu zinagusana. Mpaka leo akimtaja mumewe anasema "bwana wangu", machozi yanamlenga. Nimchafulie marehemu wake ili wangu aendelee kuitwa mwindaji?

Nikamwambia, "Na ile bunduki, ni mie niliyekupokonya?" Akaangalia mlangoni kama watoto wanasikia. "Ukilisema hilo mbele ya ukoo, ndoa hakuna." Hakukataa kwamba aliitupa.

Simlaumu kwa kukimbia. Hata mimi nilijikojolea siku ile, nasema wazi. Woga ni wa kila mtu. Ila woga wake usinivishe mimi uzinzi. Wale wa "vumilia dada, ndoa ni kuvumilia", leo mnisamehe, pitieni posti nyingine. Nimevumilia miaka kumi na mbili ya kuulizwa nilikuwa wapi. Leo asubuhi nimesuka nywele, tena mistari ya kichwa kizima, na nimepita mbele ya mawifi zangu taratibu ili wazione vizuri.

Jumapili nitakwenda Kawe. Wanataka nisimame nimtaje mwanaume, nitasimama. Nitamtaja mume wangu kwa jina lake kamili, na nitasema bunduki aliitupa wapi. Ndoa ikifa, ife mimi nikiwa msafi.

Ninachoomba mnishauri ni kuhusu shemeji. Huyu kijana hajawahi kunikosea, na jana aliniambia, "Shemeji, bila kaka mie ningekuwa udongo." Nikamtengenezea mto. Nifanyeje: nimwambie yeye kwanza pale kitandani, tukiwa wawili, au aje ayasikie kwa watu baada ya kikao? Nishaurini hilo tu. La kunyamaza msinishauri.