Siku Mama Alipoikataa Sumu ya Mamluki

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, na kila nikiikumbuka kichwa changu huinuka. Jana uliniuliza, hapa Moroni, kwa nini nilihuzunika redio iliposema tai wa bara wanauawa kwa sumu, ilhali visiwa vyetu havina tai. Basi sikiliza.

Enzi za mamluki, wale wazungu wa kukodiwa walioitawala nchi kwa bunduki, nilikuwa binti kwetu Hombo, mjini Mutsamudu, kwenye kisiwa kingine. Mmoja wao alifuga kuku mlimani, jirani na shamba letu, na mwewe walimchukulia vifaranga. Siku hiyo mimi na mama tukamkuta askari wake, kijana wa kisiwa hiki cha Ngazidja, analaza mzoga wa mbuzi kwenye nyasi zetu, karibu na mti wenye kiota cha mwewe.

"Nini hicho, mwanangu?" mama akauliza.

Kijana aliona haya. "Sumu ya mwewe, mama. Nimeamriwa."

"Na mvua ikinyesha, maji ya hapa yanakwenda wapi?"

Kijana akageuka kutazama bondeni.

"Yanashuka Hombo. Tunayanywa sisi, na wagonjwa wa hospitali ya huko," mama akamwambia.

Mama yangu alikuwa mjane, mfupi, hata sokoni hakupandisha sauti. Akachukua jembe, akaenda mbali na mkondo wa maji, akaanza kuchimba shimo la kumfukia mbuzi. Watu walikuwa wakikamatwa kwa neno moja tu. Lakini ningemwachaje peke yake? Nikachimba naye.

Yule mzungu mwenye kuku akaja, bunduki begani, akifoka Kifaransa. Mimi nilisoma shule, nikatafsiri: "Anasema mwewe ni mwizi."

Mama hakuinua uso. "Mwambie mwewe ndiye anayekula panya wanaonimalizia mihogo. Kuku wake awajengee banda. Shamba hili nimelirithi kwa mama yangu, na sumu hailali humu."

Nilisema yote, neno kwa neno. Mzungu akamwamuru askari atunyang'anye jembe. Kijana akalichukua kweli mkononi mwa mama. Kisha akavua kofia, akaingia shimoni, akachimba.

"Pumzika, mama," akasema.

Walimfunga yule kijana, maskini. Mama alimpelekea wali gerezani mpaka akatoka. Lakini mzoga ulifukiwa, banda la kuku likajengwa, na makinda wa mwewe wakaruka mwaka ule ule, sisi tukiwatazama kama watu walioozesha binti.

Mwanangu, ndege anayekula panya, au tai anayesafisha mizoga, hana sura ya kupendwa wala sauti ya kujitetea. Usingoje akupendeze. Sumu aliyotegewa yeye haichagui: itamfikia paka, mbuzi, mtoto. Ukiiona, sema, hata midomo ikikukauka kwa hofu. Na mwenye kuku asiye na banda, msaidie kujenga.

Mungu akupe moyo wa bibi yako, akupe na mtu wa kusimama nawe siku utakapomhitaji. Amina.