Dorotea wa Mkuyuni na mama wa jasusi

Saa tisa alasiri, Jumamosi, jua la Mkuyuni limepiga bati mpaka ndani ya banda la muvi mbao zinanuka joto. Dorotea Chenge anafuta maiki kwa upindo wa kitenge chake, anaipuliza mara mbili, kisha anailaza mezani bila kusema neno. Si kawaida yake. Siku nyingine angekuwa ameshawatania watu tangu mlangoni.

"Dada Doro, leo umemeza mwiba wa sato?" anauliza Venant, dereva wa bodaboda, akijibana kwenye benchi la mbele.

"Kaa, Venant. Nitaongea sasa hivi."

Mabenchi yamejaa. Watu wamerudi kuangalia muvi ileile waliyoiona Jumamosi iliyopita, na mama huyu wa miaka arobaini na saba ana jambo la kuwaambia kabla hajaiwasha. Wakichukia wakatoka, kazi aliyoifanya miaka kumi na moja itakwisha leo.

Kazi yenyewe ni kutafsiri muvi kwa mdomo. Dorotea anakaa pembeni ya televisheni, anapunguza sauti ya Wazungu, anaweka ya kwake. Akilia mtu kwenye muvi, analia yeye. Akifa mtu, anamwombea. Kwa siku ya maonyesho matatu anapata shilingi elfu sita, na ndizo alizomsomeshea binti yake mpaka kidato cha nne.

Hakusomea kazi hii popote. Aliishia darasa la saba, akaja bandani hapa kufagia na kuuza chai. Siku moja mtafsiri aliyekuwepo akaugua, watu wakapiga kelele warudishiwe hela zao. Dorotea akaweka birika chini, akashika maiki.

"Kiingereza changu ni cha macho," anasema. "Namwangalia mtu uso, namwangalia mikono, najua anataka nini. Maneno mengine nayaokota njiani."

Kuna jambo moja wateja wake hawamsamehei kabisa. Mtu akitokea kwenye muvi, kabla hajamaliza hata kukaa, wanataka wajue ni nani wa nani. Huyo ni mjomba wake? Ni shemeji? Wamechangia baba? Wasipoambiwa, wanauliza kwa sauti mpaka muvi inawapita. Kwa hiyo Dorotea huwapangia watu wa kwenye muvi undugu wao mapema, na kwa kawaida hupatia, kwa sababu huwa ameiangalia muvi nzima asubuhi peke yake.

Jumamosi iliyopita hakuiangalia nzima. Umeme ulikatika asubuhi akiwa hajafika hata nusu, ukarudi watu wakiwa wameshakaa.

Ilikuwa muvi ya jasusi mmoja, kijana mzuri wa suti nyeusi. Mambo aliyoyafanya yule kijana, mtu ashike kichwa. Aliruka na pikipiki kutoka darajani akaingia dirishani mwa ndege inayokwenda. Alipigana na watu saba mkono mmoja ukiwa na kikombe cha kahawa, na kahawa haikumwagika. Akaanguka kutoka kwenye helikopta mpaka ziwani, akatoka majini tai yake ikiwa kavu.

Banda lilivurugika.

"Uongo!" alifoka Venant. "Pikipiki ile klachi haijashikwa! Nimeangalia mkono wake, hajashika klachi!"

"Wewe unaona klachi, huoni ndege?" alimjibu Josephat, fundi viatu.

Mzee Yeremia, aliyefunga kamba za kivuko cha Kamanga mpaka akazeeka, alisimama na fimbo yake. "Wanangu, maji ukiyaangukia toka juu vile ni sawa na kuangukia saruji. Huyu alipaswa kuokotwa vipande. Mimi nimeyaona maji."

"Stelingi wa muvi hafi, babu! Kaa chini!"

Walicheka, wakabishana, wakafurahi. Hakuna aliyetoka.

Katikati ya hayo alikuwepo mama mmoja mtu mzima, mwenye mvi, aliyekuwa akimpa jasusi kazi. Alimrekebishia kola ya shati. Alimsogezea sahani ya chakula. Kijana akainamisha kichwa mbele yake.

"Huyo ni nani wake?" wakauliza.

Dorotea aliitazama ile mikono kwenye kola. "Huyu ni mama yake mzazi," akasema kwenye maiki. "Amemlea kwa shida."

Watu wakampenda yule mama. Kila akitokea, Bernadeta, muuza dagaa wa pale sokoni, alimsalimia, "Shikamoo mama."

Mwisho wa muvi yule mama akageuka kuwa ndiye mkubwa wa maadui wote. Alining'inia kwenye kamba juu ya ghorofa refu, akamtazama kijana. Jasusi naye akamtazama. Halafu akatoa kisu, akakata kamba.

Kilisikika kilio cha mtoto wa nyumba ya jirani.

"Amemuua mama yake?" aliuliza mtu mmoja, polepole.

"Mama yake mzazi!"

"Zima! Zima hiyo kitu!" Bernadeta alikuwa ameshasimama, mikono kichwani. "Jamani, mimi nimemsalimia yule mama!"

Watu kama ishirini waliinuka wakaenda zao bila kugeuka. Mama mmoja alitema mate mlangoni. Pikipiki kuingia ndani ya ndege walikuwa wameimeza, na tai kavu pia. Hili liliwakwama kooni.

Josephat ndiye aliyemtupia Dorotea kamba ya kujiokoa. "Amevaa sura ya bandia! Si wale wa mwanzo walivaa sura za mpira? Huyo siyo mama, ni adui kavaa uso wa mama! Sivyo, Dada Doro?"

Wote wakamgeukia. Angeitikia tu, ingekwisha.

"Sijui," alisema Dorotea kwenye maiki. "Jamani, nisameheni. Umeme ulikatika, sikuiangalia mpaka mwisho. Ile ya kusema ni mama yake nilikisia."

Mshtuko wa pili ulikuwa mkubwa kuliko ule wa kwanza. Tangu banda lijengwe, mtafsiri hajawahi kusema hajui.

"Miaka yote hii," Mzee Yeremia alisema, "umetukisia mangapi?"

"Mengi, baba. Ila madogo madogo."

Kicheko kilitoka, kidogo. Bernadeta, aliyekuwa amesimama mlangoni, akarudi kukaa. "Afadhali siyo mama yake. Leo nisingekula."

Mwenye banda, Bwana Kashaija, hakucheka. Alimwita Dorotea nje. Alimwambia ameshanunua flashi yenye muvi zilizokwisha kutafsiriwa huko Dar es Salaam. Watu wakitoka tena katikati ya muvi, papo hapo anaiweka hiyo flashi, na maiki inaingia kabatini. Hata hivyo habari ya "haikuwa mama yake" ilienea sokoni jioni ileile, watu wakaomba muvi irudiwe sawasawa, naye Kashaija akaandika ubaoni: JUMAMOSI, JASUSI, TAFSIRI ILIYOREKEBISHWA.

Kesho yake, Jumapili, baada ya misa Dorotea alifungua banda peke yake. Safari hii alimwita jirani yake, Mwalimu Rachel wa shule ya msingi, amsaidie Kiingereza. Wakaiangalia muvi yote. Majina yakaanza kupanda, yale majina mengi ambayo hakuna mtu wa Mkuyuni amewahi kuyasubiri. Rachel akainuka kuchukua mkoba wake.

Majina yalipokwisha, picha ikarudi. Jasusi amekaa kitandani, ana barua mkononi.

Rachel aliisoma kwenye kioo, akauweka mkoba chini. Halafu akasema, "Dada Doro, keti."

"Imeandikwa nini?"

"Imeandikwa, 'Mwanangu. Niliwaambia walezi wako wasikwambie. Ukiisoma hii, ujue nilijua utakuja kuniua, na sikukuchukia.'"

Dorotea alikaa kwenye benchi la mbele. "Mungu wangu," alisema. "Kumbe kweli ni mama yake."

Usiku huo hakulala vizuri. Jumatatu akamweleza Kashaija. Mwenye banda naye alishika mdomo, kisha akasema, "Nyamaza nayo. Nani anakaa mpaka majina yaishe? Waambie ni bosi wake, watafurahi, watakwenda nyumbani. Kazi unaitaka au huitaki?"

"Naitaka," Dorotea alimjibu.

Ndiyo maana leo anaifuta maiki kwa muda mrefu hivi. Benchi la mbele amekaa Bernadeta, na pembeni yake mama mkwe wake, Bi Kokulinda, aliyevushwa ziwani kutoka Bukoba wiki hii. Bernadeta amemleta kwa sababu ameambiwa muvi sasa haina aibu. Nyuma kabisa Kashaija amekunja mikono.

Dorotea anawasha maiki.

"Shikamooni wakubwa. Wiki iliyopita niliwaambia nilikisia, na kweli nilikisia. Sasa nimeiangalia mpaka baada ya majina. Yule ni mama yake mzazi. Kijana hajui. Anamuua kabla hajajua. Nimesema mapema ili asiyeweza kuona atoke sasa, asije akaondoka katikati ya muvi."

Watu wanatazamana. Venant ameshika mdomo kwa mikono yote miwili. "Dada Doro, unatuua," anasema. Bernadeta haangalii popote ila miguuni kwake, hathubutu kumtazama mama mkwe.

Watatu wanaondoka. Josephat anasimama, anasita, anakaa.

Bi Kokulinda anainua kidole. "Mama huyo, yeye anajua kwamba ni mwanae?"

"Anajua, mama. Tangu mwanzo."

"Na anamrekebishia kola?"

"Anamrekebishia."

Bibi anavuta khanga mabegani. "Washa, mwanangu. Nataka nimwone huyo mama vizuri."

Safari hii hakuna anayebishia pikipiki. Wanaitazama mikono kwenye kola. Kamba inapokatwa, kinasikika kilio cha watu wazima, lakini mabenchi hayasogei. Majina yanapanda, meupe, mengi, na banda zima linayasubiri kwa mara ya kwanza. Dorotea anaisoma barua kama Rachel alivyomfundisha, neno kwa neno, bila kuongeza lake.

Taa inapowashwa, Mzee Yeremia anafuta macho waziwazi. "Lile la kuanguka ziwani bado nalikataa," anasema. "Hili nimelikubali."

Kashaija anapita mbele kukusanya nyaya. Hasemi habari ya flashi. "Jumatatu njoo saa sita," anamwambia Dorotea. "Tuna muvi ya vita."

"Nitakuja saa mbili asubuhi. Niiangalie kwanza."

Rachel amekubali kumfundisha Kiingereza kila Jumapili baada ya misa, na Dorotea ameshanunua daftari.

"Nimechoka kukisia," anasema, akiuzungusha waya wa maiki mkononi. "Nataka siku moja nimsikie mtu mwenyewe anasema, 'huyu ni mama yangu', nami niwaambie watu hivyohivyo alivyosema."