Pikipiki Iliyolala Bondeni Jangwani

Jumapili ile haijanitoka kichwani, mwanangu, ingawa mengine mengi yamenitoka. Nilikuwa binti wa miaka ishirini na mbili, shule niliishia darasa la nne, nakaa Kariakoo kwa mjomba wangu Selemani, fundi wa pikipiki. Nilianza kwa kuosha nati kwa mafuta ya taa. Baadaye nikawa nawapelekea watu pikipiki zao zikishatengenezwa. Mwanamke juu ya pikipiki, miaka ile! Watu walisimama kuangalia, nami nikainua kidevu. Siwezi kukudanganya, nilikuwa najisikia.

Mjomba alinipa sharti moja tu. "Zainabu, siku utakayoniangushia pikipiki ya mtu, unarudi kwenye nati."

Siku hiyo alinituma Magomeni, kwa mwalimu mmoja aliyeihitaji pikipiki yake Jumatatu alfajiri. Mafuta yalikuwa ya shida nchi nzima, na Jumapili ikifika saa nane mchana ilikuwa marufuku kuendesha chombo cha moto mpaka kesho yake, labda uwe na kibali. Mjomba aliniambia niondoke saa sita. Mimi nikapitia kwa shoga yangu kusuka nywele. Kichwa kilipokwisha, saa nane imeshapita.

Mtu mwenye akili angefanya nini? Usijibu. Mimi niliona askari kasimama kwenye lami, nikashuka bondeni Jangwani, nikafuata vijia vya bustani za mchicha. Mvua ilikuwa imenyesha juzi yake. Gurudumu la nyuma likateleza, pikipiki ikalala ubavu, nami nikalala pembeni yake kwenye tope, na nywele zangu mpya.

Pikipiki za wakati ule zilikuwa chuma kitupu. Nikashika usukani, nikainama, nikavuta. Ikanyanyuka kidogo, ikarudi. Nikavuta tena. Mara ya tatu kiuno kikalia ta! Petroli inadondoka, petroli tuliyoipangia foleni, na mimi nimekaa kwenye tope najiona nimesharudishwa kwenye nati.

Mama mmoja wa Kisongea alikuwa akichuma mboga hatua chache tu kutoka pale. Alikuwa ananitazama muda wote, wala hana haraka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Unaing'oa au unainua?"

"Nainua."

"Basi funga hayo mafuta kwanza. Mchicha wangu haunywi petroli."

Nikafunga koki. Aliposogea nikamwambia asijisumbue, naiweza.

"Naona unavyoiweza," akasema, akaweka mikono kiunoni. Pikipiki hakuigusa. "Wewe unavuta kwa mgongo. Igeuzie mgongo, makalio yaegemeze kwenye kiti. Mkono mmoja usukani, mwingine kile chuma cha nyuma. Chuchumaa. Haya, rudi kinyumenyume, hatua ndogondogo, miguu ndiyo isukume. Sisi ndivyo tunavyosimamisha gunia la mpunga."

Ikainuka. Mwenyewe sikuamini. Nikataka kupiga kiki.

"Unakwenda wapi huko na maji mbele?"

"Magomeni, mama. Juu kuna askari, na saa nane imepita."

Akanitazama kama mtu anayetazama mbuzi kwenye paa la nyumba. "Wamekataza kuendesha. Na kusukuma nako wamekataza?"

Nikaondoa mguu kwenye kiki. Tangu kwa shoga yangu ningeweza kuisukuma kwenye lami, kavu kabisa, lakini wazo hilo halikunijia, kwa sababu mimi niliyezoea kuonekana nimekaa juu sikutaka kuonekana nasukuma.

Nikaisukuma mpaka barabarani, kiuno kinawaka. Askari akaniuliza, "Dada, imekufa?"

"Nzima, afande. Ila ni saa nane."

Akacheka mpaka kofia ikamtoka. Mwalimu aliipata pikipiki yake, na tope lake.

Jumatatu nilimweleza mjomba yote kabla hajaambiwa na mtu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akalaza pikipiki moja chini mbele ya mafundi. "Inua." Nikaigeuzia mgongo, nikainua. Fundi mmoja aliyekuwa akinicheka akajaribu kwa kuvuta, ikamshinda. "Basi utaendelea kuendesha," mjomba akasema. "Ila Jumapili nitapeleka mwenyewe." Kiuno hakijapona hadi leo.

Kwa hiyo wewe unayeondoka peke yako na pikipiki kwenda kusiko na lami, nisikilize. Ikianguka, zima, funga mafuta, kaa chini upumue. Kama stendi iko upande wa pili, ifungue kwanza, isije ikaangukia huko. Kisha tumia miguu. Ikikataa mara mbili, tafuta mtu. Usivute ya tatu. Na kabla ya kukwepa njia nzuri kwa kuogopa kuonekana, jiulize ni nani hasa unayemuogopa. Mimi askari nilimuogopa kidogo tu. Niliogopa zaidi kushuka kwenye kiti.

Mungu akupe magoti mazima mpaka uzeeni, mwanangu, na kila bonde utakaloshuka akukutanishe na mtu asiyeona haya kukwambia ukweli. Amina.