Chaki ya Okei kwenye Kioo cha Lori

Siku ya kwanza kazini Babu alipewa ovaroli ya mtu aliyekwisha kufa. Jina la mwenyewe lilikuwa bado limeshonwa kifuani, na Msimamizi wa Gereji akamwambia, "Usilifumue. Wewe bado hatujajua kama utakaa." Babu alikuwa na miaka kumi na tisa, katoka Bukoba na barua ya padri mfukoni. Gereji yenyewe ilikuwa huku huku Temeke, kwenye uwanja wa malori wa kampuni ambayo kasema nisiitaje. Akapewa ndoo na brashi, akaambiwa aoshe matairi mpaka aambiwe okei.

Akaosha hadi jua likazama. Hakuna aliyesema. Wenzake walishabadili nguo na kuondoka, yeye bado anasugua tairi lile lile. Msimamizi alipokuja kufunga geti akamkuta.

"We kijana, bado upo?"

"Sijaambiwa okei, mzee."

Msimamizi akacheka mpaka akashika nguzo. Halafu akaacha kucheka, akasema, "Sawa. Utakaa."

Naandika haya kwenye daftari langu la kila siku kwa sababu Babu hawezi tena kuandika. Kiharusi cha mwaka jana kimemchukua mkono wa kulia na upande mmoja wa mdomo, maneno yanatoka kama yamelowa. Nyumbani mie ndiye ninayemwelewa kuliko wote. Labda kwa sababu mie si msemaji, kwa hiyo muda wa kusikiliza ninao. Kaniomba niandike kazi yake tangu mwanzo, halafu twende wote Vingunguti nikaisome mbele ya Bi Mwanahawa, mjane wa dereva mmoja aliyeitwa Sudi. Mie nipo kidato cha tatu na darasani nikiambiwa nisome kwa sauti naomba ruhusa ya kwenda chooni. Nilimwambia amtume mjomba. Akasema mjomba atalainisha mambo.

Babu anataka kwanza nieleze breki, ili anayesikiliza ajue kosa lilikaa wapi. Lori kubwa linasimama kwa upepo. Chini yake kuna mitungi, dereva akikanyaga pedali upepo unasukuma, na ndani ya dramu, yaani lile sufuria zito la chuma nyuma ya tairi, vipande viwili vinatanuka na kubana. Vile vipande mafundi wanaviita viatu. Viatu vinalika, na vikilika fundi anaingia chini na spana kukaza. Akitaka kuvibadilisha analegeza kwanza, akimaliza anakaza tena. Lori lililolegezwa, kama ni tupu, litasimama vizuri tu pale uwanjani. Lipakie mzigo ulipeleke mteremkoni ndipo utajua.

Miaka mitatu aliosha. Kisha akapelekwa kwenye matairi, kisha kwenye breki chini ya Fundi Mkuu, mtu mfupi aliyekuwa akimpiga mwanafunzi vidole kwa mpini wa bisibisi. Baada ya hapo wakampeleka Kimara, kwenye kiwanja kidogo ambako malori ya bara yalipumzika kabla ya kuingia mjini. Alikaa huko mpaka mama yangu akazaliwa. Akarudishwa Temeke akiwa na cheo cha Mkaguzi, na Mkaguzi alikuwa na kitu kimoja ambacho fundi mwingine hakuruhusiwa kushika: chaki.

Utaratibu ulikuwa hivi. Lori linaingia juu ya shimo la ukaguzi, Mkaguzi anashuka chini yake na taa, anagonga, anavuta, anapima upepo. Akiridhika anaandika kitabuni, halafu anaandika OK kwa chaki kwenye kioo cha mbele, kona ya kushoto. Mlinzi wa geti hakujua breki wala injini. Alichojua ni chaki. Kioo chenye OK kinapita, kisichokuwa nayo kinarudi.

Nilimuuliza Babu kwa nini hawakutumia Kiswahili. Akasema neno lenyewe lilishakuwa letu siku nyingi, na lilikuwa linafanya kazi nyingi kuliko mtu yeyote pale. Dereva akirudi nyuma, anayemwongoza anaita "njoo, njoo, okei, okei, okei," na kila moja inamaanisha bado kidogo. Meneja Usafirishaji akisema "okei" huku anafunga faili, maana yake toka ofisini kwangu. Fundi akitoa kichwa kwenye injini na kusema okei, maana yake washa. Msimamizi akiambiwa fulani kafiwa anasema "okei," kimya, kisha anakwenda kumtafutia mtu wa zamu yake. Na madereva walikuwa wakisalimiana kwalo, hata kama hakuna kilicho okei. Mie mwenyewe nikisemeshwa na mtu nisiyemzoea nasema okei ili aniache. Bibi, alipokuwa hai, alikuwa akiisema kwa Babu pale alipokuwa kakasirika mpaka maneno yamekwisha.

"Lakini ya kwenye kioo," Babu alisema, "hiyo ilikuwa na maana moja tu. Nimeingia chini. Nimegusa kwa mkono wangu."

Sasa ishu ilikuwa kuosha. Meneja hakutaka lori litoke na tope kwa sababu lina jina la kampuni ubavuni. Likishakaguliwa linapelekwa kuoshwa, na maji yanafuta chaki. Sheria ilisema lirudi shimoni likakaguliwe upya. Hakuna aliyelirudisha, foleni ilikuwa ndefu na madereva wanapiga honi. Basi Mkaguzi alikuwa anakwenda pale pale kwenye maji, anafuta kioo kwa mkono wa ovaroli, anaandika tena kwa kukumbuka. Walifanya hivyo wote waliomtangulia. Babu alifanya hivyo miaka mingi bila kukosea, na kadiri alivyokuwa hakosei ndivyo alivyoacha kutazama.

Kampuni ilikuwa na malori mawili meupe yaliyonunuliwa siku moja, namba kumi na saba na namba kumi na nane. Asubuhi hiyo Babu aliikagua kumi na saba, ikawa nzima, akaandika. Kumi na nane alikuwa kailegeza breki za nyuma jana yake mwenyewe, akisubiri viatu vipya kutoka stoo. Ilitakiwa isiguswe. Lakini muoshaji aliambiwa aoshe meupe, akayaosha yote mawili, akayapanga pamoja yanatiririka povu. Babu akaja na chaki yake, akafuta kioo cha kwanza kilichokuwa karibu, akaandika OK. Kilikuwa cha kumi na nane.

Mwenye zamu alikuwa Sudi. Babu anasema alikuwa mtu mnene, mpole, anayeendesha taratibu mpaka wenzake wakamwita Bibi Harusi. Alikuja anakula muhogo wa kukaanga kwenye gazeti, akampa Babu kipande.

"Vipi, Fide, okei?"

"Okei," Babu akasema, bila kuinua kichwa kutoka kitabuni.

"Yule mwanangu Shabani kaanza kusimama. Nikirudi nakuletea sukari ya chai, ujue nimefurahi."

"Nenda bwana, unanichelewesha."

Akapakia saruji, akaelekea njia ya Morogoro. Kwenye mteremko wa Kimara lori likakataa kusimama. Watu waliokuwepo walisema alipiga honi njia nzima kuwaondoa watu, kisha akalipeleka mtaroni kwa makusudi. Hakuna mtu wa barabarani aliyeguswa. Saruji ilimfuata kutoka nyuma.

Habari zilipofika gerejini Babu alitoka nje, akaiona kumi na saba imesimama pale pale, safi, kioo hakina kitu. Anasema hapo ndipo alipojua aliandika kioo kipi.

Kesho yake wakaitwa ofisini, yeye na mlinzi wa geti. Meneja Usafirishaji alikuwa na kitabu mezani.

"Fidelis. Gari lilikaguliwa?"

Kitabuni palikuwa na ukaguzi wa kumi na saba. Lakini saba ya Babu na nane yake zilikuwa zinafanana kwa haraka ya mkono, na Meneja alikuwa hahitaji kuitazama sana.

"Lilikaguliwa, bwana."

"Na mlinzi aliona chaki?"

Mlinzi akasema aliona.

"Basi gari lilikuwa zima. Kilichobaki ni dereva." Meneja akafunga faili. "Mwendo kasi. Okei."

Wakatoka. Msimamizi wa Gereji, mzee sana wakati huo, alimshika Babu mkono nje ya mlango, akamtazama kwa muda mrefu. Hakuuliza kitu. Babu anaamini alijua. Anaamini pia kwamba angeulizwa pale angesema, lakini anasema nisimwandikie hilo kama udhuru, kwa sababu mdomo alikuwa nao na siku hizo ulikuwa unafanya kazi.

Alienda msibani Vingunguti, akasikia watu wanasema Sudi alikimbia mno na lori. Akala ubwabwa wa matanga, akarudi nyumbani. Alifanya kazi miaka mingine mingi, kila lori likioshwa akalirudisha shimoni, wenzake wakamcheka na kumwita Mzee Shimo. Alipostaafu walimpa saa ya ukutani na cheti. Cheti kinasema hakuwahi kupata doa.

Hapo ndipo maandishi niliyokwenda nayo Vingunguti yalipoishia.

Tulikwenda kwa bajaji Jumatano baada ya shule. Bi Mwanahawa alikuwa uani anachambua mchele kwenye ungo. Nikamwamkia, akaitikia, halafu akamtazama Babu.

"Huyu si Fide? Mungu wangu, mbona wamekufanya hivi? Mkaribishe babu yako kiti, mwanangu, mie mikono ina pumba."

Babu alikataa kiti cha mbao, akakaa kwenye kigoda cha chini. Akanionyesha daftari kwa kidevu. Nilisoma. Mwanzoni sauti haikutoka, Bi Mwanahawa akasema, "Sema kwa nguvu, mie masikio nayo yamestaafu." Kwenye ile siku ya kwanza ya ovaroli alicheka kidogo. Aliendelea kuchambua, anatupa punje mbovu kwa kuku. Nilipofika kwenye povu na malori mawili vidole vikasimama. Nilisoma mpaka mwisho nikiangalia vile vidole, kwa sababu uso wake niliuogopa.

Kuku wakapanda kwenye ungo na hakuwafukuza.

"Kila Ijumaa namwombea dua," akasema. "Nikishamaliza, moyoni namwambia, si ungekwenda taratibu, mwanaume wewe. Ungekwenda taratibu ungemwona mwanao." Akausukuma ungo pembeni. "Nimemgombeza maiti miaka yote hii, Fide. Kwa sababu yako."

Babu akainamisha kichwa.

"Na Shabani. Alipokua akataka leseni, nikamkatalia. Nilimwambia damu ya baba yako ya mbio unayo, ukishika usukani sitakuwa radhi nawe. Akaenda kubeba nyama machinjioni. Mpaka leo anabeba nyama."

Nilidhani atatufukuza. Alisema tu, "Zichane hizo karatasi uniachie. Mie kusoma sijui, ila yeye anajua." Nikazichana kwenye daftari langu. Hizi ninazoandika sasa nimezirudia, Babu akinisahihisha.

Siku zilizofuata Babu alikaa barazani anaangalia njia, chai inapoa. Nilimuuliza, Babu, ukikumbuka kazi yote ile unajisikiaje. Akasema kazi aliipenda, na bado anaota harufu ya grisi. Akasema malori aliyoyakagua vizuri ni mengi mno, na hakuna hata moja linalomjia. Akasema vijana wa sasa wanapima breki kwa mashine, waipende, maana mashine haizoei. Kisha akaniambia nimnyooshee mguu.

Shabani alikuja Jumamosi mchana. Mtu mkubwa, bega moja limeshuka kuliko lingine, ana zile karatasi zimekunjwa mfukoni mwa shati. Alisema shikamoo kwa sababu ya malezi, akakataa kiti.

"Nimesoma," akasema. "Lakini haya kayaandika mtoto. Nataka kusikia kwako."

"Kaka, hawezi vizuri," nikasema. "Mie nitakwambia anachosema."

"Nitasubiri."

Babu akaanza. Midomo ilivuta, mate yakashuka, neno likakatika. Nilimsogelea na kitambaa, nikafungua mdomo nimmalizie, akaniinulia kidole cha mkono mzima. Nikarudi nyuma. Shabani alisimama vile vile juani, hakutazama pembeni.

"Ba... bako," Babu akasema. "Haku... kimbia." Akapumzika. Akajigonga kifua kwa mkono wa kushoto. "Mie."

"Ulijua lini?"

"Siku... ile."

Shabani akatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayepokea mzigo begani na kuutafutia pa kukaa. Sikuona hasira wala kitu kingine ninachokijua jina. Akageuka kuondoka. Langoni akasimama, akaniita kwa mkono.

"Humu umeandika Sudi tu."

"Ndiyo, kaka. Babu alikuwa anamwita hivyo."

"Lete kalamu."

Nikakimbia ndani nikaleta. Akazitoa zile karatasi, akaziweka juu ya tofali la nguzo ya lango, akashikilia pembe zisipeperuke.

"Andika jina lake lote. Sudi Shabani Kibwana. Andika dereva."

Nikaandika kwa hati kubwa. Akalisoma, akapuliza wino ukauke, akazikunja na kuzirudisha mfukoni, akaenda zake.