Sumu Iliyoshindwa na Panya

Mbugua hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kelele. Miaka kumi na miwili alizunguka Molo na kipaza sauti cha betri akiuza dawa ya kunguni, mende na panya, na katikati ya hizo kelele akitia majina ya mama wakwe wa watu ili wateja wacheke. Nyumba yake ilipochomwa Januari 2008, katika vita vya makabila vya baada ya uchaguzi, alifika Nakuru na mke wake Wachuka, watoto watatu na hicho kipaza sauti. Wakapewa hema kambini. Kufikia Juni mvua ilikuwa inaingia humo bila kubisha.

Ndipo Dharmesh, mwenye stoo ya mahindi nyuma ya soko letu, akamwambia, "Hapa nyuma kuna rumu, simiti chini, mabati juu. Ukimaliza panya wangu kufikia Jumamosi, ingia na familia."

Wachuka alienda kuifagia siku hiyo hiyo, kabla hata panya mmoja hajafa.

Shida ni kwamba panya wa Dharmesh walishaijua dawa ya pakiti. Wananusa, wanapita. Mbugua akaenda mpaka vilima vya Kariandusi, akakata matawi ya ule mti ambao wazee huchemsha kupata sumu ya mishale. Alichemsha siku mbili mpaka ikawa nyeusi na nzito kama lami, akapakaa mahindi.

"Hii inaangusha nyati," alitutangazia. "Panya ni nini?"

Panya wakala. Ijumaa mmoja alipita juu ya magunia mchana kweupe, mnene, tumbo linaburuta. Soko likacheka. Mimi nauza viazi meza ya kwanza, na mdomo wangu haujawahi kulala njaa.

"Mbugua, hiyo si sumu, ni supu. Sasa wanataka na chapati."

Jumamosi alikuja shavu limefura. Jino lilikuwa limemsumbua wiki nzima, likang'olewa jana yake jioni, na bado alikuwa anatema damu kwenye kitambaa. Dharmesh alisimama mlangoni na kufuli mkononi.

"Siku zimeisha, Mbugua."

"Nipe mpaka Jumatatu, boss. Huu mti nilioukata ni dhaifu. Nitachemsha mwingine."

"Unajuaje ni dhaifu?"

"Si panya wanakula! Kitu haiui panya itaua nini?"

Cheptanui, aliyekuwa akiuza maziwa mkabala na mimi, akaweka mtungi chini. "Usiseme hivyo, baba. Kwetu hiyo haijaribiwi kwa panya. Mzee anajichanja mkono, anaacha damu ishuke, anagusisha sumu huko chini, mbali na kidonda. Weusi ukianza kupanda na damu, anaupangusa haraka kabla haujafika juu. Hapo ndio anajua imeiva."

Mwaka mwingine tungemsikiliza. Mwaka ule, nani angetaka kusikia habari za mishale kutoka kwa mtu mwenye jina la kabila la waliotufukuza kwa mishale?

"Wewe lazima ujue," nilisema. "Si nyinyi ndio mafundi?"

Watu wakacheka kile kicheko kibaya. Cheptanui akainua mtungi wake. Nami nikamgeukia Mbugua. "Kama ni dhaifu, ionje basi Dharmesh aone."

Akachovya kidole kwenye kopo la ile sumu, akalamba, akapitisha ulimi kwenye fizi zote kama mtu anayesukutua.

"Chungu tu!" akasema kwenye kipaza sauti. "Dharmesh, Jumatatu!"

Nusu saa haikuisha. Alitapika, akashika kifua, akasema moyo unaruka, unasimama, unaanza tena. Tulimbeba kwa mkokoteni wangu wa viazi. Kufika hospitali, walipokea maiti.

Daktari alituuliza alikula nini, tukamweleza na habari ya panya. Akatikisa kichwa. Alisema kila seli ya msuli wa moyo ina pampu ndogo ndogo za kutoa sodiamu nje, ile iliyo kwenye chumvi. Sumu ya mti ule inakwama kwenye pampu, chumvi inajaa ndani, moyo unapoteza mpigo. Pampu hizo zina aina kadhaa. Panya amejaliwa nyingi za aina ambayo sumu haiishiki vizuri. Moyo wa mtu una aina tatu, na zote tatu zinashikwa.

"Angeimeza tu, labda angetapika akapona," alisema. "Lakini kidonda cha jino kiliifikisha kwenye damu moja kwa moja."

Sokoni walisema ni Cheptanui aliyemroga. Sikuwakatiza. Hakurudi kuuza maziwa.

Jumatatu Wachuka alikuja na godoro kichwani, watoto nyuma yake wamebeba sufuria. Dharmesh hata hakumwangalia machoni.

"Pole sana, mama. Lakini rumu ilikuwa ya mtu wa kumaliza panya."

"Nitawamaliza mimi."

"Kwa dawa gani?"

Wachuka alilisukuma nyuma godoro lililokuwa likimwinamia usoni. Kisha akawaambia watoto wageuke, wakarudi kambini kabla mvua haijaanza.