Shamba Nililolipima Bila Kumuuliza Jirani

Siku yangu ya kwanza kazini, Kasulu, Mpima Ardhi wa Wilaya alinipa ufito wa rangi nyekundu na nyeupe nikasimame nao kwenye majani, yeye akichungulia darubini ya kupimia pembe. Nilikuwa nimetoka kidato cha nne, viatu vinang'aa. Jioni vilikuwa tope tupu, naye akanicheka.

"Hii darubini itakuambia shamba limeishia wapi," alisema. "La nani, haijui. Hilo kamuulize jirani. Tena ukae chini, usiulize umesimama."

"Ndiyo, mzee."

Ndivyo tulivyofanya kazi. Kabla ya kufukia bikoni, yaani nguzo fupi za zege zinazoshika kona, tulitembea mpaka wote: muuzaji mbele, majirani kando, mke na watoto wake wakubwa nyuma. Chemchemi tuliikagua kiangazi, maana wakati wa masika kila bonde lina maji. Tuliuliza msitu wa hifadhi unaanzia wapi. Hata minyaa ya uzio tuliulizia nani aliipanda.

Nilipohamishiwa Kibondo nilimkuta Afisa Ardhi mwenye haraka. "Bwana mpima, wewe pima," alizoea kusema. "Ukisikiliza kila bibi kizee utalala huko." Nikaipenda haraka yake. Kakonko ilipofanywa wilaya nilipelekwa huko, na kufikia hapo nilishaacha kukaa chini kwa watu.

Kustaafu kulipokaribia, nilitafuta mahali pa kujenga, upande wa Mabamba. Mzee mmoja, Ntiruka, alikuwa anauza: migomba imeshiba, udongo mwekundu, chemchemi haikauki. Alikuwa ameishi pale tangu ujana wake. Siku nilipokwenda kuliona shamba nilimkuta anatoka na kibuyu cha pombe ya ndizi, anakipeleka kwa jirani yake, mjane aitwaye Bi Yustina.

"Kila mavuno lazima aonje wa kwanza," alisema.

Nikadhani ni ujirani mwema. Mke wangu, Restuta, hakudhani hivyo. Njiani alinishika mkono.

"Baba Edina, kibuyu cha kwanza anapelekewa mwenye ardhi. Twende tukamsalimu yule mama."

"Mimi nimepima wilaya tatu," nikamjibu. "Leo nifundishwe ardhi na kibuyu?"

"Haya, bwana mpima," alisema, akauachia mkono wangu.

Nilipima mwenyewe, kona zikakaa sawasawa. Muhuri wa mauziano nikaupata kwa mwenyekiti wa kitongoji, aliyekuwa mgeni kama mimi. Mkutano wa kijiji sikuusubiri. Ntiruka akahamia kwa binti yake Burundi, sisi tukajenga. Mavuno ya kwanza yalipita, kibuyu hakikwenda kwa jirani. Ya pili vilevile. Katikati ya mwaka uliofuata Restuta aliugua, akafariki. Nikamzika nyuma ya nyumba, penye migomba, kama alivyotaka.

Baada ya matanga Bi Yustina alikuja na wanawe. Hakupandisha sauti, alianza kwa salamu ya Kiha.

"Mwakeye, bwana mpima. Pole na msiba. Ntiruka tulimkaribisha alime. Tulikuona unajenga, tukasema huyu ni msomi, atakuja kusalimia. Tulikungoja."

"Mbona hamkunizuia?"

Mwanawe mkubwa akacheka kwa uchungu. "Ulikuwa unapima, mzee. Tulipokuja mpakani ulituambia tusikuzibie darubini."

Ni kweli, niliwaambia hivyo. Kesi ilipofika baraza la ardhi, kila mzee wa kitongoji alikijua kibuyu cha Ntiruka. Nilishindwa, na nilistahili kushindwa.

Sasa nimepanga chumba nyuma ya duka mjini Kibondo. Vijana wanaotaka viwanja vya kujenga hunifuata, wanauliza udongo, barabara, umeme. Vyote ni vya kuangalia. Lakini nawaambia wakae kwanza kwa jirani, kiangazi, bila haraka, waone nani anampelekea nani nini. Wengi hutazama simu nikisema hayo. Siwalaumu, enzi zangu ningekuwa nayo, ningetazama hivyo hivyo.

Kwenye nyumba yangu anaishi mwana wa Bi Yustina. Kaburi la Restuta wameliacha palepale. Kila mavuno nanunua pombe ya ndizi, napanda pikipiki hadi Mabamba, nakaa chini mlangoni kwa yule mama. Anaonja kwanza. Akishafuta midomo, ananiambia, "Haya, nenda ukampalilie mkeo."