Siku Dhamira Yetu Ilipotuingiza Jikoni Muyinga

Jamani, mpaka leo mtu akiniita "Zaituni Dhamira" natafuta pa kujificha, na nawasimulia mwenyewe kwa sababu ni afadhali mnicheke nikiwepo.

Kikundi chetu cha Gitega mnakijua, wanawake kumi na mmoja, kazi yetu kupika uji na kuwapelekea wagonjwa hospitalini, hasa wale wa mbali, wa Bukirasazi na Gishubi, wasio na ndugu wa kuwapikia. Basi wenzetu wa Muyinga wakatualika kwenye mkutano wa vikundi vya kujitolea, kila kikundi kije kusoma dira na dhamira yake. Bi Hadija, mwenyekiti wetu, akasema tukae pamoja tuandike. Mimi nikadakia, "Niachieni! Mimi Kiswahili nimekisomea Kigoma!"

Nyumbani nikasukuma cherehani yangu kando, nikaandika peke yangu. Dira: Burundi isiyo na mnyonge hata mmoja. Dhamira: kumfikia kila mwenye shida, popote alipo, saa yoyote, kwa msaada wowote anaouhitaji. Nikaisoma mara tatu nikajipenda. (Uji sikuutaja kabisa, niliona unatushusha hadhi.)

Huko Muyinga kipaza sauti kilikuwa kimefungwa juu, mtaa mzima unasikia. Nikasoma kwa madaha, makofi, vigelegele, na mimi badala ya kushuka nikaongeza la kichwani mwangu: "Na kama yupo mwenye shida sasa hivi, aje, sisi tupo!"

Akaja. Mama mmoja aliingia getini anahema, kitenge kimemkaa upande.

"Ni nani amesema kila mwenye shida?"

Watu wote wakaninyooshea kidole mimi.

"Dada, nyabuna, nakuomba! Mi niko na ndoa ya binti yangu leo, mpishi iko mgonjwa, wageni wamekwisha fika. Nyumba iko hapa nyuma tu. Nimesikia sauti yako nikasema, Mungu amenijibu."

Bi Hadija akaninong'oneza, "Mwambie sisi ni watu wa uji."

Sasa nimwambieje, na watu wote wananitazama? Nikasema, "Mama, twende!"

Tukaandamana, wote kumi na mmoja na sare zetu, na niwaambie ukweli, nilikuwa najisikia kama mimi ndiye bibi harusi. Tukakuta sufuria mbili kubwa, nyama imeshakatwa, mchele umeshaoshwa. Mwiko nikaushika mimi, mwenye dhamira. Lakini mkono uliozoea uji umezoea maji: nikaona mchele mkavu nikaongeza, nikaona bado nikaongeza tena, halafu nikakoroga (najua, pilau haikorogwi, sasa najua). Nilipofunua, kitu kilikuwa kinatokota polepole na kutoa mapovu.

Bi Hadija akachungulia. "Zaituni, hii tunaigawa kwa vikombe?"

Ikapelekwa hivyo hivyo. Mzee mmoja wa upande wa bwana harusi akainua kijiko, pilau ikateleza ikarudi kwenye sahani, akauliza kwa sauti, "Hii ni chakula ao ni dawa?" Wageni wakaangua kicheko, bibi harusi akacheka mpaka wanja ukamchuruzika, na mimi nikachuchumaa nyuma ya magunia ya mkaa.

Mama yake hakucheka. Alinifuata kulekule, akanitazama, akasema polepole, "Dada, ungeniambia tu kama hamuwezi. Ningeita majirani."

Majirani aliwaita, wakaja na ndizi, maharage na samaki wa kukaanga, wageni wakala vizuri, na sisi tukabaki kuosha vyombo, kazi ambayo kwa kweli tuliiweza.

Tuliporudi Gitega, Bi Hadija alituketisha wote, kila mtu akasema neno lake, mimi kazi yangu ikawa kushika kalamu tu. Ikatoka hivi: "Kuwapelekea uji wagonjwa wasio na ndugu karibu, Jumanne na Ijumaa." Nikalalamika kwamba ni fupi mno.

"Iko nini humo ndani tusiyoiweza?" akaniuliza.

Hakuna. Tena tangu siku ile hatujakosa hata Jumanne moja, na mimi nimeapa: sitamkubalia tena mtu jambo eti kwa sababu tu watu wananitazama.